Mwanafunzi Apewe Ardhi, Mche Pekee Hautoshi

Serikali iliziwekea taasisi zinazolisha watu wengi, kuanzia mia moja na kuendelea, tarehe mbili za ukomo wa kupikia kuni na mkaa: Januari 2024 na Januari 2025. Zote zimepita. Katikati yake, Mei 2024, ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameifikia nishati hiyo mwaka 2034. Na bado shule nyingi za vijijini zinachemsha makande kwa magogo, huku wanafunzi wa shule hizo hizo wakipangwa mstari kila Aprili mosi, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, kwenda kupanda miti na kuitwa viongozi wa mazingira. Jina hilo linanikera. Kiongozi huamua jambo, na hawa hawajaachiwa waamue chochote. Wanatumikishwa kujaza takwimu za watu wazima.

Nautazama mfano wa Karatu, mkoani Arusha, na hasa kata kama Endamarariek, kwa kuwa huko suala hili si la mabango. Familia zinaishi kwa mahindi, maharage, mbaazi na ng'ombe. Mvua kubwa ikinyesha, udongo wa juu unateremka na makorongo yanapanuka. Kuni zinafuatwa mbali. Upande wa juu uko msitu wa Ngorongoro, unaotunza maji ambayo wakulima wa chini wanayategemea. Mtoto wa sekondari wa huko hahitaji semina ya kumweleza kwamba ardhi inaharibika. Analivuka korongo akienda shule.

Yanayosemwa upande wa pili nayajua. Walimu ni wachache na mtihani wa NECTA haungoji mche ukue. Watoto wakiachiwa shamba wataliharibu. Agizo la kila halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka lazima litekelezwe na mtu. Haya yanaeleza kwa nini watu wazima wamebanwa. Kwa nini mche unakufa, hayaelezi.

Mche unakufa kwa sababu hauna mwenyewe. Ufuateni tangu mwanzo muone. Viriba vinateremshwa kwenye gari siku ya tukio. Aina ya mti imeshachaguliwa ofisini, mara nyingi mgrevilea au mkaratusi, na mashimo yamechimbwa jana yake na wanafunzi. Mgeni rasmi anapanda wa kwanza, picha zinapigwa, idadi inaandikwa. Mei masika yanakwisha. Juni shule zinafungwa, wakati ule ule kiangazi kinapoanza na mifugo ikitafuta chochote kibichi. Mwanafunzi aliyeufukia mche ule haambiwi mti ukikua utavunwa na nani, fedha zitaingia wapi, wala kama eneo lile halijapangiwa madarasa mapya. Ni sababu gani hasa imtoe nyumbani na ndoo ya maji katikati ya likizo? Baba yake, ambaye ni mkulima hodari, hangeumwagilia mti wa namna hiyo. Nami nisingeumwagilia. Mwaka unaofuata viriba vingine vinateremshwa, na mara nyingi mashimo ni yale yale.

Shinyanga walijifunza jambo hili zamani. Mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 uliweka nguvu kwenye vitalu na kugawa miche. Mabadiliko makubwa yalikuja ulipozigeukia ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma hufunga wakati wa mvua ili yawafae kiangazi, na ambayo Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja miaka ya 1970, ilikuwa imeyavuruga. Kaya na vijiji vilipohakikishiwa kwamba majani, kuni na asali ya eneo fulani ni vyao, visiki vilichipua na miti ikarudi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000. Kenya nako, Wangari Maathai, aliyeanzisha vuguvugu la kupanda miti la Green Belt Movement mwaka 1977, aliwapa akina mama ujira kwa mche uliopona. Na Wairaqw walioijaza Karatu walitoka Irqwar Da'aw kule Mbulu, ambako wazee wao walitia samadi na kulinda udongo wa miteremko mikali kwa vizazi, kwa sababu shamba lilikuwa lao na wangelirithisha.

Hata vilabu vya shule vilianza kwa msingi huo. Roots & Shoots ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1991, vijana 12 walipomwendea mtafiti wa sokwe Jane Goodall na mambo yaliyowasumbua wao. Msingi ulikuwa vijana wachague tatizo la kwao na njia ya kulishughulikia. Ni wapi tulipokubaliana kwamba kuchagua ni kazi ya ofisa na kuchimba ni kazi ya mtoto?

Bodi ya shule ikate ekari moja, iandike kwenye muhtasari kwamba ni ya klabu ya mazingira, na kwamba mapato ya kuni, nguzo na miche yataamuliwa na klabu mbele ya mwalimu mlezi. Wanafunzi wachague kama wanataka miti ya kuni, matunda, au majani ya tembo ya kuzuia korongo. Kisha waingie jikoni. Mpishi wa shule anajua trela moja la kuni linakwisha kwa siku ngapi. Wachukue hesabu hiyo, waiweke kando ya gharama ya gesi, ya jiko banifu, na ya mtambo wa biogesi ambao CAMARTEC, kituo cha teknolojia vijijini cha Arusha, kina uzoefu nao wa miaka mingi, halafu waisome kwenye mkutano wa wazazi.

Wapo watakaouita huo utovu wa nidhamu. Mtoto anayebeba jembe anasifiwa. Akiuliza shule inatumia shilingi ngapi kwa kuni, anaambiwa hayo hayamhusu. Yanamhusu! Chakula ni chake, moshi anauvuta yeye, na ardhi inayobaki atailima yeye. Mtu mzima anayeogopa hesabu ya Kidato cha Tatu asisimame Aprili mosi kuhutubia juu ya vizazi vijavyo.

Halmashauri nayo ibadilishe fomu yake. Safu ya miti iliyopandwa ifutwe, iwekwe ya miti iliyo hai, na ihesabiwe Oktoba, mwisho wa kiangazi, kabla mvua za vuli hazijaificha hasara. Wahesabu ni wanafunzi wenyewe, mti kwa mti. Mwenyekiti wa klabu atie saini pamoja na mkuu wa shule, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji.