Kabla ya kumuita mwenzetu muvivu, tuchimbe shimo



Kila mwisho wa majira, vikao vyetu vinafika kwenye swali lile lile: nani amerudisha deni la mbolea na nani hajarudisha. Munajua namna kikao kile kinaendaga. Mutu mumoja ameleta magunia kumi ya mahindi, mwingine ameleta matatu. Wote wawili walipewa mbegu moja, mbolea moja, siku moja, na mashamba yao yako kwenye kilima kimoja. Basi yule wa magunia matatu anasimama mbele ya wenzake na maneno yanaanza: hakupalilia, aliuza mbolea sokoni, alikuwa analala. Mara ingine ni kweli. Lakini mara mingi hakuna hata mumoja wetu anayejua kitu gani kiko katika shamba lile, kuanzia pale jembe linaishia kwenda chini.

Maoni yetu ni haya: koperativi isikopeshe mbolea, na isimuhukumu memba juu ya mavuno yake, mbele ya kuchimba shimo katika shamba lake na kuangalia namna udongo ule unapitisha maji. Shimo halihitaji feza. Linahitaji jembe, mpauro, na nusu siku ya watu wawili.

Mufano wa vilima viwili vyenye sura moja

Tutoe mufano wa mbali, juu unaonyesha jambo hili waziwazi. Katika kaskazini-mashariki ya Marekani, kwenye majimbo kama Massachusetts na Connecticut, udongo haukutengenezwa na volkano kama kwa watu wa Goma na Rutshuru. Ulitengenezwa na barafu. Zamani, barafu yenye unene wa zaidi ya kilometa moja ilifunika inchi ile yote. Barafu kubwa namna ile haitulii. Inasogea polepole, inakwangua majabali, inayasaga, na inabeba kila kitu pamoja: udongo mulaini, muchanga, changarawe, na mawe makubwa kama nyumba. Ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 12,000 iliyopita, iliacha muzigo wake wote pale. Muto unachagua vitu, unaweka muchanga huku na matope kule. Barafu haichagui. Ndiyo maana udongo ule ni muchanganyiko, na mawe yake mengi yana kona kali, hayakuviringishwa na maji.

Ndugu zetu wa upande wa Beni wasifikiri hii ni hadithi ya wazungu tu. Barafu iko kwenye Rwenzori hadi leo, hata kama inapungua, karibu na kilele cha Margherita chenye metre 5,109. Zamani ilishuka chini sana kuliko leo, na ikaacha matuta ya mawe na udongo kwenye mabonde ya mulima ule, kwa kazi ileile.

Sasa turudi Massachusetts. Kule kuko udongo wa aina mbili ambao wataalamu wameupa majina: Charlton na Paxton. Yote mbili imetoka kwenye muzigo wa barafu. Yote mbili inahesabiwa kuwa udongo unaopitisha maji vizuri. Juu, yote mbili ni rangi ya kahawia, mulaini kiasi, na muchanga kidogo ndani yake. Ukitembea shambani huwezi kutofautisha. Paxton umechaguliwa hata kuwa udongo rasmi wa jimbo la Massachusetts, na wakulima wanaupanda mahindi, majani ya ng'ombe na miti ya matofaa.

Lakini chimba. Charlton ni matope yaliyoanguka taratibu wakati barafu ilikuwa inayeyuka, kwa hiyo uko wazi mpaka chini na mizizi inashuka bila shida. Paxton ulilazwa chini ya barafu ikiwa ingali nzima, na uzito ule wote uliukandamiza. Kati ya santimetre 50 na metre moja, unakuta tabaka gumu. Mizizi mingi inafika pale na kuacha. Maji pia yanafika pale, yanasimama kwa muda wakati theluji inayeyuka, kisha yanaanza kutiririka kando, kufuata muteremuko. Mukulima wa Paxton anajua kwamba shamba lake linachelewa kukauka mwanzoni mwa majira, na hapeleki mashine zake mbele ya wakati. Mukulima wa Charlton hana shida ile. Ukiwapa shauri moja wote wawili, utakuwa umemudanganya mumoja wao.

Na tena, udongo wa pale wa aina hizi mbili una ukali, yaani ni wa asidi, na wenyeji wanatia chokaa. Kila kipindi cha baridi, maji yanaganda ndani ya udongo na kusukuma mawe mapya juu. Wakulima wa zamani waliyaokota kila mwaka mpaka wakajenga kuta ndefu za mawe pembeni ya mashamba, na kuta zile ziko mpaka leo. Kupitisha maji vizuri hakukuwapunguzia kazi ile, na hakukuondoa ukali wa udongo.

«Kupitisha maji vizuri» maana yake nini?

Hapa watu wengi wanajidanganya. Wanafikiri udongo muzuri ni ule unaokunywa maji haraka. Wataalamu wa udongo wa Marekani wanatumia ngazi saba, kuanzia udongo unaokimbiza maji kupita kiasi mpaka ule ambao maji hayaondoki. «Vizuri» iko ngazi ya tatu, baada ya mbili zinazokimbiza. Maana yake: maji yanaondoka bila shida lakini hayakimbii, mizizi inapata hewa, na mumea unakuta maji karibu muda wote wa kukua.

Maji yakikimbia sana, yanabeba mbolea. Ile mbolea nyeupe ya azoti inayeyuka kama chumvi. Mvua kubwa mbili juu ya udongo wa muchanga ao wa changarawe ya lava, na sehemu kubwa imeshuka mahali mizizi haifiki. Maji yakisimama, hewa inatoka, mizizi ya maharagi inaoza, na azoti ileile inageuka hewa na kupotea. Katika mashamba yote mawili mukulima ametia mbolea yake kwa uaminifu, na katika yote mawili majani yatakuwa ya njano. Komite ikipita barabarani itasema: huyu aliuza mbolea.

Hapa kwetu

Sisi tuko na tofauti kubwa kuliko zile za Massachusetts. Karibu na Nyiragongo, udongo ni kijana, mweusi, una chakula kingi, lakini mara ingine chini yake kuko jiwe la lava kwenye kina cha mukono. Upande wa Walungu na Kabare, udongo mwekundu ni muzee, umechoka, una ukali, hata pale unapitisha maji vizuri. Katika mabonde, maji yako karibu mwaka muzima. Na kwenye kilima kimoja tu, shamba la juu, la katikati na la chini hayafanani, juu kila mvua inaondoa udongo juu na kuuweka chini. Mahali watu wanalima kwa kina kilekile miaka na miaka, tabaka gumu linaweza pia kujitengeneza chini ya jembe, bila barafu yoyote.

Namna ya kusoma shimo

Muchimbe shimo la kina cha metre moja, ao mpaka jiwe, lenye upana wa kutosha mutu kuingia. Upande mumoja muukate wima, kwenye jua. Kisha muangalie vitu vinne.

Rangi. Udongo mwekundu ao wa kahawia, wenye rangi moja kutoka juu mpaka chini, unaonyesha kwamba hewa inapita. Mukiona rangi ya kijivu, ao kijivu chenye madoa ya kutu kama ya msumari wa zamani, maji yanasimama pale sehemu ya mwaka, hata kama siku ile pamekauka. Muandike kina ambacho madoa yanaanzia.

Mizizi. Muifuate kwa kidole. Ikigeuka yote upande kwenye kina kimoja, kuna kitu kinaizuia.

Ugumu. Muchome kisu ukutani, kila santimetre kumi. Mukono utawaambia pale tabaka linabadilika.

Maji. Pembeni, muchimbe kashimo ka santimetre 30. Mujaze maji jioni, muyaache yaingie yote. Asubuhi mujaze tena, mupime kwa fimbo yameshuka kiasi gani katika saa moja. Yakishuka santimetre tatu mpaka saba, ni vizuri. Chini ya mbili, yanakawia. Zaidi ya kumi, yanakimbia.

Mukimaliza, murudishe udongo ndani, juu mutoto ao mbuzi asitumbukie.

Deni ni deni, lakini

Tunajua kuna wazee wa komite watakaosema: mukianza mambo haya, kila mutu atasema shamba lake ni baya na hakuna atakayelipa. Hofu yao ina sababu, juu sanduku la koperativi likikauka, sote tunaanguka. Lakini muangalie vizuri wakati ambapo shimo linachimbwa. Linachimbwa mbele ya kupanda, memba wawili wa komite wakiwapo, na mambo yake yanaandikwa katika kaye ya koperativi. Baada ya hapo hakuna mutu anayeweza kuzua tabaka gumu siku ya kulipa. Ni leo, bila shimo, kwamba uongo na ukweli vinavaa nguo moja. Muvivu anajificha nyuma ya udongo, na mwenye udongo mubaya anaitwa muvivu.

Hatusemi deni lifutwe. Tunasema lipimwe vizuri tangu mwanzo. Mwenye shamba linalosimamisha maji apewe kwanza siku za salongo za kuchimba mifereji na kuinua matuta, na mbolea kidogo. Mwenye udongo unaokimbiza maji apewe mbolea ileile lakini kwa vipande viwili ao vitatu, si siku moja, na ahimizwe kutia samadi na majani yaliyooza, vitu vinavyoshika maji. Mwenye udongo muzee wenye ukali atafute kwanza chokaa ao samadi. Kwake, mbolea ya dukani peke yake ni kama kumulisha mugonjwa asiyeweza kumeza.

Wengine watasema: mimi ninakodisha shamba, nichimbe shimo la nini katika inchi ya mwenyewe? Wewe njo unalihitaji zaidi. Unalipa kodi ya majira mbele ya kuona kitu. Omba ruhusa uchimbe kabla ya kutoa feza. Hakuna mutu anayenunua ng'ombe bila kumufungua kinywa na kuangalia meno.

Na wazee wetu wanaojua udongo kwa majani yanayoota juu yake, kwa ladha na kwa harufu? Wawepo kwenye shimo. Ujuzi wao mara mingi utakubaliana na ukuta wa shimo, na pale hautakubaliana tutajifunza sote. Shida ya ujuzi ule ni kwamba hauandikwi. Muzee akienda, unakwenda naye, na vijana wanabaki kugombana juu ya magunia.

Tunaomba kila koperativi jambo moja kabla ya mvua za mwezi wa tisa: muchague kilima kimoja, muchimbe mashimo matatu, moja juu, moja katikati, moja chini. Muite memba wote waangalie, hasa wale wawili waliogombana kwenye kikao kilichopita. Muandike rangi, mizizi, ugumu na maji. Kisha mugawe mbegu na mbolea kufuatana na yale muliyoona. Itawezekana mukute kwamba mwenzenu alikuwa muvivu kweli. Itawezekana pia mukute kwamba miaka yote alikuwa analima kwa nguvu juu ya tabaka gumu kama sementi, na hakuna aliyemuambia. Katika hali zote mbili, kikao kijacho kitakuwa kifupi.