Weka Kiungo, au Nyamaza



Leo sina neno na chama wala na kiongozi. Neno langu ni na sisi tunaojiita wasomi wa ughaibuni, tunaoandika kurasa nne za tuhuma bila kumwonyesha msomaji hata hati moja. Kisingizio ni kwamba mambo ya kompyuta ni magumu. Magumu yapi? Kiungo, yaani yale maneno ya bluu unayoyabofya ukapelekwa ukurasa mwingine, huandikwa hivi katika HTML:

<a href="https://anwani-kamili">Hukumu ya mahakama</a>

Basi, ndiyo hiyo. Herufi a ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya nanga. Sehemu ya href hubeba anwani, na anwani hukaa ndani ya alama za kunukuu. Maneno ya katikati ndiyo anayoyaona msomaji. Usisahau kufunga kwa </a>, la sivyo maneno yote yanayofuata yanaweza kugeuka kiungo. Na ukiacha https:// mwanzoni, kivinjari kitaitafuta hati hiyo ndani ya tovuti yako mwenyewe na kuikosa. Mtoto wa darasa la sita anajifunza hayo kwa robo saa. Tim Berners-Lee alipendekeza mfumo huu mwaka 1989 akiwa CERN, Uswisi, kwa kuwa taarifa zilikuwa zikipotea watu walipohama kazi. Tatizo letu sisi ni kwamba kiungo kinatubana: msomaji akikifuata, anaweza kugundua kwamba hati haisemi tulichosema.

Mnaukumbuka mwaka 2019? Tarehe 23 Agosti ndege ya Air Tanzania, Airbus A220-300, ilizuiliwa hapa Johannesburg, uwanja wa O.R. Tambo, kwa amri ya mahakama. Kulikuwa na mkulima aliyedai fidia ya mali zake zilizotaifishwa Tanzania miaka ya 1980. Tarehe 4 Septemba mahakama ikaiachia. Siku hizo zote kila mtu alikuwa wakili! Huyu anasema Serikali inatudanganya, yule anasema ni njama za mabeberu. Nikauliza swali moja tu: amri yenyewe iko wapi tuisome? Nikaitwa kibaraka, na pande zote mbili. Jamani, Afrika Kusini kuna SAFLII inayoweka hukumu mtandaoni bure, Tanzania ipo TanzLII, Kenya ipo Kenya Law. Mtu asiyehangaika hata kutafuta, akaandika kurasa nne juu ya kesi, anataka tumwamini yeye kama mganga wa kienyeji.

Siku hizohizo, kuanzia tarehe 1 Septemba, vurugu dhidi ya wageni zililipuka Jeppestown na kusambaa. Simu zikajaa video. Moja ilionyesha watu wakiruka kutoka kwenye jengo linaloungua, ikiwa na maelezo kwamba ni Waafrika wenzetu wanachomwa Johannesburg. Moto ule ulikuwa wa Surat, India, Mei 2019, na waliokuwa wakiruka ni wanafunzi. Mama yangu mdogo aliye Muheza aliipata nikiwa nimelala baada ya zamu ya usiku. Alipiga simu mara kumi na moja. Ni mgonjwa wa presha, mama yule. Aliyemtumia ni kijana wetu wa hapahapa, mwenye shahada, na nilipomuuliza ameitoa wapi alinijibu, "Dada, imesambaa kila mahali."

Vurugu zilikuwa za kweli na watu walikufa. Hatukuhitaji kuazima maiti za India. Hasira zilizochanganyika na video za namna hiyo zilifika Nigeria, maduka yenye asili ya Afrika Kusini yakavamiwa, na Afrika Kusini ikafunga kwa muda ubalozi wake Abuja na ofisi yake Lagos.

Wodini kwetu kisichoandikwa hakikufanyika. Kila dozi ina saa yake na sahihi ya aliyeitoa. Siwezi kumkabidhi mwenzangu mgonjwa nikamwambia "inasemekana amepewa morfini". Nitafukuzwa, na kwa haki. Sasa kwa nini "inasemekana" iruhusiwe kwenye habari ya kuchinjana?

Wapo watakaosema sheria za nyumbani zinatisha. Ni kweli, na mimi siko huko kuzionja. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaadhibu taarifa za uongo. Lakini kati ya anayeelekeza kwenye hati ya wazi na anayebuni, nani anajiweka pabaya zaidi? Kiungo si kinga ya risasi, ila walau kinaonyesha hukutunga.

Halafu acheni hiki kitu cha "bofya hapa". Msomaji asiyeona hutumia programu inayomsomea viungo kwa sauti, mara nyingi kama orodha: bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa. Atajuaje kipi ni kipi? Andika jina la hati. Kama ni PDF ya megabaiti ishirini, sema, maana aliye nyumbani anaifungua kwa bando alilonunua kwa pesa ya mboga. Na kwa kuwa tovuti za ofisi zetu zikisanifiwa upya kurasa za zamani hupotea, hifadhi nakala kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, uweke na kiungo chake.

Waandishi wa zile makala za ndege wengi bado wapo na bado wanaandika. Wazirudie, waweke viungo. Nasubiri.