Kofia ya Kauboi Ni Yetu Pia

Julai ikikaribia, wanafunzi wa Kiafrika hapa Calgary tunagawanyika makundi mawili. Kuna wanaokwenda kwenye Stampede, na kuna wanaosema mambo ya makauboi ni ya wazungu, bora ubaki chumbani ulale. Mimi niko kundi la kwanza. Naandika kuwashawishi wa kundi la pili, pamoja na nyie mlioko nyumbani mnaojaza fomu za ufadhili wa kuja Kanada.

Stampede huchukua siku 10. Ya kwanza ilifanyika 1912, ikiandaliwa na Guy Weadick, Mmarekani aliyekuwa msanii wa maonyesho ya kamba, kwa fedha za matajiri wanne wa ng'ombe. Siku hizo mji mzima, hadi wafanyakazi wa benki, huvaa kofia pana na buti. Asubuhi watu wanagawiwa pankeki bure mitaani, na jamani, anayesubiri bumu hakatai cha bure. Mbio za mikokoteni ya farasi ndizo siendi. Farasi wameshakufa humo mara nyingi mno, mimi sioni raha yake.

Sasa hili la "mambo ya wazungu". Mmoja wa makauboi mashuhuri kuliko wote Alberta alikuwa mweusi: John Ware, aliyezaliwa utumwani Marekani. Alifika 1882 akiswaga kundi la ng'ombe kutoka kusini, akafanya kazi Bar U Ranch, baadaye akawa na ng'ombe wake mwenyewe na alama yake ya chuma, 9999. Alikufa 1905, farasi wake alipojikwaa na kumwangukia. Kuna safu ya vilima yenye jina lake, ambayo kabla ya hapo iliitwa kwa tusi la rangi yake. Mtu huyo amekaa kwenye historia yao kuliko wengi wanaouza kofia leo, halafu sisi tunajiondoa wenyewe?

Na wenye nchi je? Maofisa wa serikali hawakutaka wenyeji washiriki maonyesho ya 1912. Weadick akahangaika mpaka ruhusa ikapatikana, na mashindano ya kupanda farasi wakorofi yakachukuliwa na Tom Three Persons, mtu wa kabila la Kainai. Wenyeji wanapiga mahema yao pale Stampede hadi leo.

Ukimaliza vumbi la rodeo, Banff iko kama kilomita 130 tu magharibi. Picha za Ziwa Louise si za kuchezewa na kompyuta, rangi ile ni ya kweli: barafu ya mlimani inasaga mwamba kuwa unga laini, unga unaelea majini, mwanga unaurudisha kwa bluu ya ajabu. Nimekaa pale saa nzima bila kugusa simu, na mnaonijua mnajua maana yake.

Ila hifadhi ile, iliyoanza 1885, ilijengwa kwa kuwafungia mlango watu wa Stoney Nakoda. Walizuiwa kuwinda milimani kwao, kisha wakawa wanaalikwa kuja na manyoya na ngoma kuwaburudisha watalii wa hoteli. Sisi tunaotoka nchi ambayo Wamasai walitolewa Serengeti mwaka 1959 hatuhitaji mkalimani hapo. Ndiyo maana inanikera Mtanzania mwenzangu akipiga picha ziwani, anaandika "pori lisiloguswa", anaondoka. Liliguswa sana, bwana.

Kwa hiyo mkipanga safari, anzeni kusini, Bar U karibu na Longview, ambayo sasa ni eneo la kihistoria la taifa. Basi la abiria msilitegemee. Changeni watu wanne mkodi gari. Mtaona mazizi aliyofanyia kazi Ware, na milima imesimama nyuma yake. Banff iwe kesho yake. Kofia mtanunua mkirudi mjini, tena baada ya Stampede bei inashuka.