Tumepima Ziwa, Hatujapima Tuta

Wewe usomaye kurasa hizi, huenda asubuhi ya leo umevuka daraja ukienda shuleni. Ikiwa watoka Ahero, umepita juu ya mto Nyando. Ikiwa kwenu ni Rusinga, umepita juu ya mlango wa maji wa Mbita, penye daraja lililochukua mahali pa barabara ya mawe iliyouziba mlango huo tangu miaka ya 1980. Je, ulijiuliza kama daraja lilikuwa zima? Bila shaka hukujiuliza, wala sikulaumu. Mimi pia huvuka nikisinzia ndani ya matatu. Lakini wako watu wapaswao kujiuliza kwa niaba yetu, na shutuma yangu ni kwamba hujiuliza wakiwa wamechelewa, maji yakiwa yamekwisha kupita na watu wamekwisha kuanguka.

Katika chuo kimoja cha ualimu nilichopata kufundisha, kilichojengwa juu ya udongo mweusi wa nchi ya Kano, udongo uvimbao wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, palikuwa na ufa katika ukuta wa bweni. Fundi mwashi mmoja, mzee asiye na cheti chochote, alichukua kipande chembamba cha kioo cha dirisha, akakigandisha kwa saruji kukingama ule ufa, ncha moja huku na ncha nyingine kule. Tulimcheka. Akasema, "Mwalimu, chokaa yaweza kunificha jambo, kioo hiki hakiwezi." Mvua ziliponyesha, kioo kikavunjika vipande viwili. Maana yake ni kwamba ufa ule haukuwa kovu la zamani, ulikuwa ukitembea. Wasichana wakahamishwa, baada ya barua tatu na mabishano mengi, na ukuta ukaegemezwa kwa magogo. Hakuna aliyeumia, na kwa kuwa hakuna aliyeumia, hakuna aliyemshukuru mzee yule.

Ufundi ninaoutetea leo ni kioo cha mzee, kilichoendelezwa. Ni uzi wa kioo wenye wembamba karibu na wa unywele, uitwao faiba, ndugu wa ule ulioleta intaneti Kisumu. Mwaka 1978, nchini Kanada, Kenneth Hill na wenzake waligundua kwamba katika moyo wa uzi huo zaweza kutiwa alama ndogo mno, zipangwazo kwa nafasi sawasawa, ambazo hurudisha rangi moja tu ya mwanga na kuziacha nyingine zipite. Uzi ukivutwa au ukipata joto, nafasi kati ya alama huongezeka, na rangi irudiyo hubadilika. Asomaye rangi hiyo hutambua mvuto wa sehemu moja katika milioni: ni kana kwamba uzi wa kilomita moja umerefuka kwa milimita moja, naye akajua. Mwaka 1993 nyuzi za namna hii zilitiwa ndani ya daraja la barabara mjini Calgary, huko huko Kanada. Iko namna nyingine isiyohitaji alama, kwa sababu kioo chenyewe hurudisha chembe za mwanga kutoka kila mahali urefuni mwake. Kwa kupima muda wa kurudi, mhandisi hujua ni mita ipi iliyovutwa au iliyopoa, hata kama uzi una makumi ya kilomita. Tena kioo hakipati kutu wala hakipitishi umeme, jambo lisilo dogo katika nchi yetu ya radi.

Sasa njoo nami Budalang'i, katika kaunti ya Busia, mahali mto Nzoia unapokaribia ziwa. Huko matuta ya udongo yamejengwa kandokando ya mto ili kuwakinga watu na mafuriko. Mwaka 2003 maji yaliyavunja. Mwaka 2008 yakayavunja tena, na mwaka 2020 vivyo hivyo. Kila mara tumeona picha zile zile: akina mama wamebeba magodoro, watoto wamelala darasani, na wakubwa wamevaa viatu vya mpira. Lakini si kila tuta hufa kwa kufurikwa juu. Mara nyingi hufa kwa ndani. Maji hupenya katika shimo la mnyama, au mahali pa mzizi uliooza, yakachukua punje moja ya udongo, kisha nyingine, mpaka njia inapatikana. Apitaye juu ya tuta haoni kitu; nyasi ni kijani na mbuzi wanakula. Uzi wa kioo uliozikwa ndani yake ungaliona, kwa sababu maji yapenyayo hayana joto sawa na udongo uliyakaa, na pale yanapopenya joto hubadilika. Waholanzi, watu waishio chini ya usawa wa bahari, hawakuridhika na maneno. Mwaka 2008 na 2009, katika jimbo la Groningen, walijenga matuta ya majaribio, wakatia nyuzi na vipimo vingine ndani yake, kisha wakayavunja kwa makusudi ili wajue dalili hutangulia vipi.

Hapa ndipo nionapo aibu yetu. Kimo cha ziwa hili kimeandikwa tangu mwaka 1896. Ndiyo maana twaweza kusema kwa hakika kwamba mwezi wa Mei 2020 maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, yakapita mita 13.41 za mwaka 1964. Ziwa tumelipima zaidi ya miaka 120. Vitu tulivyovijenga ukingoni mwake tunavikagua kwa macho, tena siku ya sherehe.

Utasikia wakisema kwamba huu ni ufundi wa matajiri. Uzi wenyewe si ghali. Huzikwa kila siku kando ya barabara zetu ili sisi tutazame mpira wa Uingereza. Kilicho ghali ni mashine ya kuusoma, lakini mashine moja yaweza kusoma makumi ya kilomita. Na alalamikaye juu ya gharama ajumlishe mahema, unga, dawa na mashamba yaliyozama mwaka 2003, 2008 na 2020.

Wengine husema kwamba ajengaye kwa uaminifu hahitaji kupimwa. Mwezi wa Juni 2017, siku ya 26, daraja la Sigiri juu ya Nzoia hiyo hiyo, lenye gharama ya shilingi bilioni 1.2, lilianguka kabla ya kumalizika, wiki mbili hivi baada ya Rais kulikagua. Wafanyakazi zaidi ya 20 walijeruhiwa. Sidai kwamba uzi wa kioo ungalilizuia. Hakuna uzi utiao saruji mahali ilipopungua. Nasema tu kwamba jicho la Rais si kipimo, wala jicho langu.

Hoja inayonisumbua ni ya tatu: nani atausoma uzi huo, na akiusoma, nani atamsikia? Mjini Minneapolis, Marekani, bamba za chuma za daraja moja zilipigwa picha mwaka 2003 zikiwa zimepinda. Picha zikawekwa. Tarehe 1 Agosti 2007 daraja likaanguka mtoni, wakafa watu 13. Lile lililojengwa mahali pake mwaka 2008 lilitiwa vipimo zaidi ya 300, baadhi yake vikiwa nyuzi za kioo. Lakini taarifa isiyo na mtu aliyeamriwa kisheria kuijibu ni picha nyingine ndani ya faili. Kumbuka kwamba kioo cha bweni letu kilivunjika kwa siku moja, na barua zikahitajika tatu.

Kwa hiyo sikuombi ungoje ukubwa. Mwakilishi wa wadi yenu ajapo shuleni kugawa zawadi, simama kwa adabu umwulize: tuta letu, au daraja letu, lilipimwa lini mara ya mwisho, lilipimwa kwa chombo gani, na karatasi yenye majibu iko ofisi gani? Andika atakalosema, pamoja na tarehe.