Anayeshika Mkono wa Mzazi

Katika matwana itokayo Embu kwenda Meru nimewakuta wasichana wa Kizungu wenye mabegi mgongoni. Hulipa nauli na ada, wakaja kwa wiki tatu au nne kukaa na wanawake wanaojifungua hospitalini. Ukunga hawakuusomea, wala hawadai. Kazi yao, wasema, ni kumliwaza mzazi: kumsugua mgongo, kumpa maji, kumhimiza avute pumzi. Nia yao siitilii shaka. Nauliza tu, ni nani aliyemtaka mzazi ridhaa?

Wageni katika uzazi wa huko si jambo geni. Daktari Clive Irvine wa misheni ya Kanisa la Scotland alifika Chogoria mwaka 1922, na hospitali yake ingalipo. Lakini yeye alikuwa daktari, tena alikaa miaka mingi.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mama anapoumwa uchungu awe na mwenzi anayemchagua mwenyewe. Anayemchagua! Mwanamke wa Tigania hulia kwa Kimeru, wa Runyenjes kwa Kiembu. Anayejua kilio hicho ni dadake au mamake. Nao, katika hospitali moja nisiyoitaja, niliwaona wameketi nje kwenye benchi, chupa ya uji mapajani, wameambiwa wodi ni finyu. Msichana wa wiki tatu akapita mlango ule ule kwa koti lake jeupe.

Sisi wa pwani jambo hili twalijua kwa jina la sitara. Mzazi wetu ana mkunga wake na somo wake, na mpaka arubaini itimie chumba chake hakiingiwi ovyo. Msidhani watu wa mlimani hawana haya kama zetu. (Na hizo picha za vichanga wanazopeleka kwao, Mungu atustahi!) Hebu binti wa Kibokoni, asiye na cheti, aende London akaombe kusimama kando ya kitanda cha Mwingereza anayejifungua. Hatapita bawabu.

Rai yangu ni kwamba nafasi ya kwanza kando ya kitanda apewe jamaa wa mzazi, na mgeni aingie mama mwenyewe akimwita. Ada ile wanayolipa ingenunua mapazia ya kutenga vitanda. Wakija kuyatundika, chai nitawapikia mimi.