Kabla ya Kwenda Kuvua Mtera

Mwezi uliopita, mimi na wenzangu wawili wa idarani tulipanga safari ya kuvua samaki kwa ndoana katika Bwawa la Mtera. Tuliandaa orodha ndefu, kama ilivyo desturi ya wasomi: ndoana, mishipi, chambo, maboya ya kujiokolea, kofia, maji ya kunywa. Barabara ya Dodoma hadi Iringa ni ya lami, na bwawa liko takriban katikati yake. Tukadhani maandalizi yamekamilika.

Nikampigia simu mvuvi mmoja mzee niliyeelekezwa kwake. Baada ya shikamoo na marahaba, nikamwulizia mtumbwi. Naye akaniuliza jambo ambalo halikuwamo katika orodha yetu: "Mwalimu, umeuliza maji yako wapi?" Akanieleza kwamba maji yamekwenda mbali na mwalo, na tope lililobaki linafika magotini. Nikauliza yatarudi lini. "Mvua tunamwomba Mungu," akajibu. "Hayo mengine waulize wenye mashine."

Jibu hilo limenikosesha raha tangu siku ile.

Ni kweli kwamba Mtera haikujengwa kwa ajili ya samaki. Ilijengwa miaka ya 1970 ili kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu wakati wa masika na kuyaachia kiangazi, yakaendeshe mitambo ya Kidatu yenye uwezo wa megawati 204. Baadaye Mtera yenyewe ikapata kituo chake cha megawati 80. Lakini bwawa likishajaa maji hujaa pia maisha. Perege wakazaliana, wavuvi wakaja, vijiji vikakua.

Perege dume huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi, karibu na ufuko. Bwawa hili ni pana na kingo zake ni tambarare, hivyo maji yakishuka kidogo tu, ufuko husogea mbali sana. Kiota kilichokuwa majini juma lililopita huwa udongo mkavu juma hili. Uamuzi unaofanywa kwa kuhesabu megawati, kwa hiyo, ni uamuzi kuhusu samaki pia, hata kama neno samaki halikutamkwa.

Yupo atakayeniambia: umeme kwanza. Simpuuzi. Tunakumbuka ukame wa mwaka 2006, Mtera ilipokauka kupita kiasi na nchi ikaingia katika mgao mkali wa umeme. Mimi mwenyewe naandika makala haya chini ya taa. Sidai mitambo izimwe ili mhadhiri apate perege wa kuchoma. Ninachodai ni taarifa. Mzee yule aliniambia kuwa hujua maji yameshuka anapoukuta mtumbwi wake umekaa juu ya tope.

Wakati huohuo, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inamtaka awe na leseni, na kokoro na nyavu haramu zinakamatwa. Naunga mkono. Hata hivyo, dola inayoijua njia ya kumfikia mvuvi ili kumtoza faini haiwezi kudai kwamba haijui njia ya kumfikishia taarifa.

Napendekeza mambo mawili, na yote hayahitaji mkopo wa nje. Kwanza, kina cha maji na mwelekeo wa kuyaachia vitangazwe kila juma, kwenye mbao za matangazo mialoni, redioni na kwa ujumbe wa simu. Pili, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi viwe na kiti katika vikao vinavyogawa maji ya bonde, pamoja na wakulima wa mpunga wa Usangu na wazalishaji wa umeme. Anayeathiriwa na uamuzi asiwe wa mwisho kuusikia.

Nasi tunaokwenda kuburudika tuna wajibu wetu: tukate leseni kabla ya kutupa ndoana, na tusinunue samaki wachanga kwa kisingizio cha bei nafuu.

Safari yetu tumeiahirisha hadi baada ya masika. Orodha imebaki ileile, isipokuwa mstari mpya wa kwanza kabisa: kumpigia simu mzee, kuuliza maji yako wapi. Ningefurahi zaidi kama, siku hiyo ikifika, yeye mwenyewe atakuwa ameshaambiwa.