Kamba imara haitoshi kulinda goti la mwanao

Wazazi ambao watoto wao huenda kupanda miamba ya Lukenya au Hell's Gate, Naivasha, huuliza swali moja: je, kamba ni imara? Swali hilo ni la msingi, lakini halitoshi. Kamba humzuia mtoto asianguke. Haizuii goti lake lisipindike.

Goti hufanana na bawaba ya mlango. Limeumbwa kukunja na kukunjua, na huzunguka kidogo tu likiwa limekunjwa. Mpandaji anapokanyaga mwamba kwa wayo mzima kisha akageuza mwili, mguu hubaki pale pale na mzunguko wote huliangukia goti. Hapo ndipo gegedu lililo kati ya mfupa wa paja na wa muundi huweza kuchanika.

Kinga huanzia kwenye vidole. Mwanao akanyage kwa ncha ya kiatu, upande wa kidole gumba, ili kisigino kiwe huru kugeuka. Anapogeuka, nyonga, goti na vidole vielekee upande mmoja. Asijivute kwa kisigino alichokinasa juu ya mwamba kabla misuli ya nyuma ya paja haijapata nguvu. Akiruka kutoka ukuta mfupi wa mazoezi, atue kwa miguu yote miwili, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo.

Akiumia, apumzike. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, kisha uinue mguu. Usimkande kwa maji moto wala kumpeleka kwa mkandaji. Goti lililovimba likikandwa huzidi kuvimba. Mpeleke hospitali upesi ikiwa alisikia mlio goti lilipopinda, limevimba saa chache baadaye, limekwama halinyooki, au hawezi kuukanyagia mguu huo.

Kijana anayerefuka haraka akilalamikia maumivu chini ya pia ya goti, usidhani anadeka. Huenda msuli wa paja unavuta mfupa ambao bado unakua. Anahitaji kuonwa na daktari na kupunguziwa mazoezi, si kuambiwa ajikaze.

Shule zinazowapeleka watoto miambani ziwafundishe kwanza hatua za miguu zikiwa bado chini. Nawe mzazi, kabla hujatia sahihi fomu ya ruhusa, uliza ni nani atakayemfundisha mwanao pa kuweka mguu na namna ya kuuweka. Asiyeweza kukujibu, usimkabidhi goti la mtoto wako.